Shavu Juu ya Mbao

Shule niliachia darasa la nne, na sioni haya kusema. Leo nina nyumba ya ghorofa Gatina, nina karakana yenye mashine tatu, na wenye digrii huja kuniuliza mbao ipi inafaa mlango upi. Kupaka mbao mafuta, Kawangware nzima hakuna wa kunishinda. Kazi hiyo nilifundishwa na kaka yangu mkubwa katika kibanda chetu cha Kisumu Ndogo, kule Kibera, miaka ya tisini. Tuliifanya kwenye vitako vya bunduki.

Usishtuke. Bunduki zenyewe hatukuwahi kuziona. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kizungu, mwindaji wa zamani, aliyekaa ng'ambo ya Kawangware kwenye nyumba zenye ua. Chuma alikifungia kabatini, akatuletea ule mti tu, umeviringwa kwa taulo, pamoja na barua ya kuwaonyesha askari wakituuliza. Akiridhika na kimoja, alileta kingine, chake au cha rafiki zake. Jirani yetu muuza omena alipokiona cha kwanza aliuliza kama siku hizi tunatengeneza magitaa ya viwete. Kaka akamwambia huo ni mguu wa kitanda chake yeye mama, ule uliovunjika juzi ploti nzima ikisikia.

Kazi ilikuwa hivi. Unakwangua vanishi yote ya zamani. Palipobonyea unaweka kitambaa kibichi, unapitisha pasi ya makaa, na mvuke unainua mbao. Unapiga msasa. Rangi tulichemsha wenyewe, maganda ya mti wa muwati kwenye sufuria, ikatoka kahawia yenye wekundu. Halafu linsidi, yale mafuta ya mbegu za kitani: matone machache tu, unasugua kwa kiganja kitupu mpaka kiganja kiwake. Unatundika msumarini, unangoja. Mara moja kila siku kwa wiki nzima, kisha mara moja kila wiki kwa mwezi. Kaka hakukubali siku hata moja ipunguzwe. Kujua kama kimekauka alilaza shavu juu yake, kama mtu anayelenga shabaha. Likinata, kinarudi msumarini.

Mimi kungoja sikuweza. Siku moja nilimimina mafuta mengi, nikaanika juani, nikatamba kwamba kazi ya mwezi nimeimaliza kwa siku tatu. Kaka akalaza shavu. Alipoliinua lilitoa sauti kama plasta inayobanduliwa. Hakunigombeza. Alichukua msasa akaanza upya, na jioni walevi wa baa ya jirani walimcheka kwa doa la kahawia alilokuwa nalo usoni.

Kisha ugonjwa wa miaka ile ukampata. Akakonda, mikono ikakosa nguvu ya kusugua, akawa anakaa kwenye stuli na kunielekeza. Asubuhi moja akaniambia ninunue mbao sita za mvule.

"Za nini?"

"Zangu. Usizipigilie, zipake tu na uzitundike pale juu. Ukianza leo, nitakapozihitaji zitakuwa zimekauka."

Kwetu Magharibi hakuna anayetengeneza sanduku la mtu anayepumua. Ni kumwitia huyo mtu kifo. Nilimwambia mimi simziki aliye hai. Akasema mbao ni mbao tu, mpaka ipigwe msumari.

"Siku hiyo ikifika nitakukaushia kwa siku mbili," nikamwambia. "Wewe huniamini?"

"Mama atalaza shavu juu ya sanduku," akasema. "Sitaki linate."

Alinikumbusha mara mbili baada ya hapo. Nilibadilisha mazungumzo. Tangu asubuhi ile mpaka alipofariki zilipita wiki saba. Mafuta yalihitaji tano.

Ningeweza kuziacha mbao bila mafuta. Lakini nilikuwa nimeahidi, na kusema kweli nilitaka watu wa nyumbani waone mimi ni fundi wa aina gani. Nilinunua mvule ile ile aliyoitaka, nikapigilia, nikapaka mara tatu kwa siku moja, nikazungusha majiko ya makaa pembeni. Juu yangu, msumarini, kilining'inia kitako cha mwisho alichokipaka yeye. Nikalaza shavu. Kilikuwa kikavu, laini kama yai. Sanduku sikulijaribu.

Siku ya tatu tulisafiri. Kutoka barabara kuu hadi kwetu ni udongo mwekundu mtupu, na tulipofika vumbi lote lilikuwa limeganda kwenye mbao. Nilipofuta likawa tope. Wazee walilisifu hata hivyo, wakasema kijana ametoka Nairobi na sanduku la maana. Nikainua kichwa.

Ndipo mama akaja. Aliinama akalaza shavu pale juu, penye kifua cha mwanawe, akakaa hivyo mpaka shangazi zangu wakamshika mabega. Alipoinuka, ngozi yake ilivutika kwanza, ikaachia polepole, na nikaisikia ile sauti. Alibaki na doa la kahawia kutoka jichoni hadi kidevuni. Aligusa uso wake, akatazama vidole, kisha akanitazama mimi.

"Mlikosa siku za kulikausha, mwanangu?"

"Ndiyo, Mama," nikasema. "Tulikosa siku."

Akatikisa kichwa kwa kunihurumia, akajifuta kwa kona ya leso. Halikutoka. Alizika mwanawe akiwa na doa hilo.

Kwenye stoo yangu ya Gatina, nyuma ya mashine, kuna mbao sita za mvule zimetundikwa. Mke wangu anadhani ni za meza. Kila mwezi nazishusha, nazisugua kwa kiganja, nalaza shavu. Zilikauka zamani sana. Bado naendelea kuzipaka.