Mtoto Niliyemnyanyua Kanisani

Nilitoka Kenya kuja Juba kulea watoto wa watu, na wangu sina. Ndugu zangu walicheka sana waliposikia. Kituo chetu cha watoto kilikuwa mtaa wa Kator, na mimi nilikuwa mlezi wa wale wadogo kabisa.

Yule msichana aliletwa akiwa hajaota meno. Mama yake alikuwa amefia hospitalini bila mtu kando yake. Sheria haitaki mtoto mdogo hivyo akae kituoni, ila pale tu ndugu wanapokosekana kabisa. Kwa hiyo kila Jumapili, baada ya matangazo ya ndoa, padre aliniita mbele nimnyanyue mtoto, waumini wamtazame, huenda mtu akaitambua sura yake. Nilimnyanyua huku nikimwomba Mungu asisimame mtu. Tukirudi kituoni nilimwogesha na kumwimbia, kwangu ikawa sikukuu.

Alipoanza kutembea nilimwendea afisa wa ustawi wa jamii, kijana aliyekulia Uganda, nikamwambia nataka mtoto awe wangu.

"Malesh, mama," akaniomba radhi kwa upole. "Wewe iko mfanyakazi, tena mgeni. Kazi ikiisha unarudi kwenu. Sheria inataka ndugu kwanza."

"Kuzaa si kazi, kazi ni kulea," nikamjibu kwa hasira.

"Ni kweli. Lakini ndugu zake bado tunatafuta."

Jumapili moja mwanamke akasimama kati ya viti, machozi yanamtiririka. "Huyu mtoto ya dada yangu. Hii uso ni yake."

Afisa aliuliza majirani wa mwanamke huyo katika mtaa wa Juba Na Bari, akamwita na chifu wao. Yote yakawa kweli. Nami nilimtafutia mwanamke kosa, sikuliona. Alikuwa na sauti ya chini, na kitenge cha kumbebea mtoto amekifua na kukikunja. Sheria ilifanya kazi yake, tena vizuri, nami nikakosa hata wa kumlaumu.

Siku ya kumkabidhi nilijiandaa kumbembeleza akilia. Pale kituoni tuliwazoesha watoto kumwita mama kila mwanamke anayewanyooshea mikono, wasijione wapweke. Mama mdogo wake akanyoosha mikono. Mtoto akasema, "Mama," akaenda bila kugeuka. Mimi ndiye niliyemfundisha.