Majani ya Rubabu

Watu wakiona bustani yangu siku hizi, sukuma wiki na vitunguu tu, hudhani mimi ni mtu asiye na hamu ya mambo mapya. Hamu nilikuwa nayo, tena kubwa. Ilinitoka.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kitale. Mume wangu aliendesha lori la chakula cha msaada kwenda Lodwar, na kwao ni Kanduyi, pembeni mwa mji wa Bungoma. Kwa hiyo nilikuwa na nyumba mbili na mume nusu. Jumatatu hadi Ijumaa nafundisha, Ijumaa jioni nashuka Kanduyi, maana mke asiyeonekana kwa boma ya mumewe husemwa mpaka masikio yawashe. Jumapili narudi na mzigo wa madaftari. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawa nalala nimesimama nikingoja chai ichemke.

Kitu kimoja tu kilinipumzisha. Nyumba niliyopanga Kitale ilikuwa katika kiwanja cha zamani cha mzungu mmoja aliyekwisha kwenda zake, na nyuma yake kulibaki mimea ambayo majirani waliiona magugu. Kulikuwa na asparaga, ambayo unaivizia ichomoze ardhini uikate ingali changa. Kulikuwa na artichoki, mmea wa miiba kama mbaruti, ambao wazungu hula ua lake kabla halijafunguka. Na kulikuwa na rubabu. Mzee aliyewahi kuitunza bustani hiyo alikuwa bado anapita kuitazama, na ndiye aliyenifundisha. Rubabu chakula chake ni vikonyo, vile vishikizo vya jani, virefu na vyekundu, vichachu kushinda ukwaju. Unavikatakata, unavichemsha na sukari mpaka viwe uji mzito, unapaka kwenye chapati.

“Lakini jani tupa mbali, mwalimu,” aliniambia. “Hiyo ni sumu. Hata kuku usimpe.”

Nilimsikia vizuri sana.

Kisha mwenye kiwanja akauza, nasi wapangaji tukaambiwa tutafute pa kwenda. Chumba nilichopata hakikuwa na hata shubiri ya udongo. Nikachimba mimea yangu nikaipeleka Kanduyi. Kule kuna joto kuliko Kitale. Asparaga ikakauka, artichoki ikanyauka wiki ya pili. Rubabu niliipanda nyuma ya jiko la mama mkwe, chini ya migomba, mahali palipomwagwa maji ya kuoshea vyombo. Ikakubali. Baada ya mwaka majani yake yalikuwa mapana kama ungo.

Mama mkwe wangu alikuwa fundi wa mboga. Murere, lisutsa, kimiro, na nyingine za porini ambazo sisi wa shule hatukuwa na majina yake, alijua kila moja ikae motoni muda gani. Kwetu mboga chungu haipikwi kwa haraka. Siku ya kwanza unaitia munyu, yale maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe, ambayo hulainisha jani. Siku ya pili unaitia maziwa. Ndipo inakuwa tamu. Alikuwa akisema hakuna jani lililomshinda.

Ijumaa moja alinikuta mlangoni, mkoba ungali begani.

“Mkamwana, hii kitu yako ya huko nyuma, ni mboga?”

Nilikuwa nimesahihisha mitihani ya madarasa mawili. Miguu ilikuwa imevimba. Nilijua kwamba nikianza kueleza vikonyo na majani na sukari, tutakaa pale nusu saa, na ataniuliza ni mtu gani hutupa jani akala mti.

“Inaliwa, mama,” nikasema, nikaingia kulala.

Basi. Sikusema zaidi, siku ile wala wiki zilizofuata. Mtu wa Bungoma umwambie mmea wenye majani kama yale unaliwa, unadhani atakula nini?

Ukaja mwezi wa pili na kiangazi chake. Mboga zikakauka zote, hata mnavu wa kando ya uzio. Sehemu pekee ya kijani iliyobaki bomani ilikuwa ile ya nyuma ya jiko. Ijumaa hiyo nilifika nikapitia nyuma kunawa miguu, na kwenye jaa nikaona vikonyo vya rubabu, rundo zima, vimekatwa vizuri na kutupwa.

Niliingia jikoni mbio. Sufuria ilikuwa juu ya mafiga, mboga imeiva laini kabisa, maziwa yanachemka juu yake, na mama mkwe ameshika mwiko anatabasamu. Alikuwa ameipika tangu jana, kwa munyu. Alikuwa ameionja jana, ameionja asubuhi, na mchana alikula sahani nzima na ugali.

“Karibu, mkamwana. Leo umepata mboga yako.”

Niliikamata sufuria na kuimwaga yote nje, mikono ikaungua. Alinitazama kama mtu aliyetemewa mate usoni. Kabla ya giza kuingia alianza kutapika. Kesho yake alikuwa hospitalini, koo limevimba, mkojo hautoki. Nilipeleka jani moja kwenye mfuko wa karatasi ili daktari alione. Aliniambia munyu ndio uliozidisha mambo, uliifanya sumu iingie mwilini upesi. Ufundi wake wote wa miaka ndio uliotaka kumuua. Nilikaa kwenye benchi la wodi siku tano nikiomba Mungu, na ninaona haya kusema kwamba siku mbili kati ya hizo niliomba kwa ajili yangu mwenyewe, nisije nikaitwa muuaji.

Alipona. Alirudi amekonda, nguo zinamning'inia. Jumamosi iliyofuata ukaitishwa mkutano sebuleni kwake, wazee wa ukoo na wake zao. Mume wangu alikuwa bado njiani, upande wa Lodwar. Aliyesimama kusema alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu.

“Mimi sijui maneno mengi bana,” alisema. “Nauliza kitu moja. Huyu alifika, akaona sufuria, akamwaga. Hata hajaonja! Alijua aje iko na sumu, kama si alikuwa anajua kitambo?”

Watu wote wakanigeukia. Nilitaka kudanganya, Mungu ananijua. Lakini mama mkwe alikuwa amekaa mbele yangu, midomo yake bado ina vidonda.

“Nilikuwa najua,” nikasema. “Vikonyo vinaliwa, majani ni sumu. Aliniuliza, nikamjibu nusu. Nilikuwa nimechoka.”

“Umechoka!” Shemeji alicheka kwa uchungu. “Nani hajachoka hapa?”

Ndipo mama mkwe akainua mkono. Sauti yake ilikuwa inakwaruza.

“Wachaneni na yeye. Hakunilisha. Nilichuma na mkono yangu. Nilitaka akuje akule mboga ya mmea wake, asifikirie ati naidharau. Maneno imeisha.”

Na kweli yaliisha. Wazee wakaomba, chai ikaletwa. Jioni ile niling'oa rubabu yote hadi mzizi wa mwisho nikaichoma, hakuna aliyeniambia nifanye hivyo.

Ijumaa iliyofuata nilimpikia kuku. Nikamnawisha mikono, nikamwekea ugali mbele. Hakugusa. Aliniuliza habari za shule. Akaniuliza kama Kitale mvua imeanza. Mvuke ulikuwa umeisha kwenye sahani, naye bado anauliza habari, kwa upole, macho yameelekea dirishani. Kwetu mwenye kupakua humwonjea mgeni asiyemfahamu, ili mgeni ale bila hofu. Kwa watu wa nyumba moja haifanywi. Ilinichukua muda kuelewa. Nilipoelewa nilikata tonge kwenye ugali wake, nikachovya kwenye mchuzi wake, nikatafuna na kumeza.

“Haya, asante,” akasema, akaanza kula. Alikula vizuri, akausifu mchuzi.

Tuliishi hivyo miaka yote iliyobaki hadi alipofariki. Kila Ijumaa nilionja kwanza, na kila Ijumaa aliangalia dirishani mpaka nimeze, asinitie aibu. Hatukuwahi kulizungumza. Mume wangu aliniona mara moja, akacheka, akaniuliza kwa nini nadokoa chakula cha mama yake kama mtoto mwenye njaa.

Nikamwambia naangalia chumvi.