Neno la Kufua kwa Miguu

Mimi ni katekista huku Mkumbi, na nilihudhuria semina ya siku mbili, zilizotosha kabisa kuniharibu. Padre alitufundisha kwamba Kiebrania kina neno moja la kuosha mwili na jingine, kabas, la kufua nguo kwa kuzikanyaga majini. Katika Zaburi ya toba, mwenye dhambi anatumia hilo la pili: anaomba afuliwe kama nguo. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyetoka kuongea na Musa.

Jumuiya yetu ndogo ya Kikristo ilipokutana kwetu jioni moja, nikalitoa neno langu. Walinitazama tu. Nikaona mfano utasaidia, na mfano wa karibu ulikuwa mke wangu, aliyekaa mkekani. Nikasema, mwangalieni huyu, mwaka mzima hapokei Komunyo kwa hasira na dada yake. Moyo wa namna hiyo hauoshwi, unafuliwa. Siri hiyo aliniambia akilia, mimi peke yangu. Wakati ule niliona nimehubiri vizuri mno. Asubuhi alifunga mzigo wake, akashuka kwao Ngumbo, ziwani.

Nilivumilia siku tisa za ugali mbichi niliousonga mwenyewe, kisha nikamfuata. Nilimkuta ufukweni na mama yake, wameloweka blanketi kubwa kwenye maji ya kina kifupi. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo, na badala ya kuomba radhi nikaanza: "Mnaona, blanketi hili ndilo kabas yenyewe..."

"Mwalimu," mke wangu alinikatiza, "vua viatu."

Nikakunja suruali, nikapanda juu ya blanketi. Mama mkwe aligeukia upande mwingine, maana magoti ya mkwe si kitu cha kutazamwa. Niliteleza mara mbili, nikakaa majini mara moja, na wanawake waliokuwa wakifua jirani wakacheka mpaka wakaacha kazi. Maji yalitoka meusi. Nilipochoka nikasema nadhani limetakata.

"Bado," alisema.

Ndipo nikasema, huku nahema, kile nilichopaswa kusema usiku ule ule: nilikosa, nisamehe. Aibu ilinishika kwelikweli.

Alilivuta blanketi kwenye pembe. "Nimesikia. Lakini yale nilikuambia wewe, sikuiambia jumuiya. Nikiwa na la moyoni tena, nimwambie nani?"

Nikaendelea kukanyaga.