Mtani na Vidonge vya Baba

Baba alivuta sigara tangu alipoanza kazi ya reli hapa Tabora, mpaka kikohozi kikawa kinamfanya aangushe nyundo mkononi. Mganga wa dispensari akampa chupa ya vidonge. Alimweleza kwamba vimetengenezwa kwa mmea wenye sumu, na sumu hiyo, lobelini, huudanganya mwili udhani umeshapata tumbaku. Kimoja baada ya chakula, basi. Ukizidisha, inaua.

Nyumbani baba alituonya sote. Ambaye hakumwonya ni mtani wake tu.

Alikuwa Mzaramo, mwenzake wa relini. Utani wetu Wanyamwezi na wao ni wa tangu babu zetu walipobeba pembe kwenda pwani, na mtani hakatazwi kitu. Huyu alikuwa akiingia jikoni kwetu, anafunua chungu, anakula, kisha anaondoka na kofia ya baba kichwani. Nilimpenda kuliko baba zangu wadogo.

Siku moja baba anaoga uani, mtani akaingia, akaiona chupa mezani.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia mtani.

"Marahaba. Hee! Mnyamwezi anakula peremende peke yake?"

"Ni dawa ya baba, ya kuachia sigara."

"Basi na mimi naacha leo leo!"

Akamimina kiganjani vidonge vyote, akavitupia mdomoni, akashushia na togwa letu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua kuwa ile ni sumu. Nikacheka. Nilidhani atatema, tena kumkataza mtani ni kukosa adabu. Adabu hiyo naichukia mpaka leo.

Baba alipotoka kuoga alimkuta anatapika, jasho linamtiririka, mikono inatetemeka. Wakamkimbiza hospitali kwa mkokoteni. Jua halikuzama akiwa hai.

Kazi ya mtani makaburini inajulikana: hushuka kaburini, akajilaza, akagoma kutoka, ili wafiwa wapate kucheka kidogo. Watu wote wakamtazama baba, maana mtani wa marehemu ni yeye. Akashuka. Akajilaza chali, akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nizikeni mimi," alisema. "Huyu mwacheni arudi kwao."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Walipomvuta juu, shati limejaa udongo, wakampigia makofi: utani ameuweza.