Dokta wa Asili na Mashua ya Ukerewe

Miaka ile ya ruksa, nchi ilipofungua milango, miradi ilitushukia kama mvua ya mawe. Nilikuwa mwalimu wa ufundi Mwanza, nikatumwa Ukerewe kumsindikiza Dokta mmoja wa Dar. Alikuja kusaidia watoto wa vijijini wajifunze uhandisi kwa kufuata utamaduni wao. Wazo lenyewe nililipenda sana, maana vitabu vyetu vilijaa treni za Ulaya.

Melini, Dokta alinieleza utamaduni wa Wakerewe mpaka bandari ya Nansio. Mimi, Mkerewe wa kuzaliwa, nikaitikia tu. Ningefanyaje, na posho anatoa yeye?

Shuleni tulikuta kidato cha tatu wameunda mashua kwenye karakana. Pembe walijifunzia kwenye mbavu zake, uzito kwa magunia ya mihogo. Ingewavusha wenzao wa kisiwa cha jirani, waliokuja shule kwa mtumbwi unaovuja, mmoja akipiga kasia, mwingine akichota maji kwa kopo. Injini kuukuu walikuwa nayo; zilipungua mbao ngumu za nyuma tu, pa kuifungia, na mradi ndio ungezitoa.

Dokta akaizunguka, akaguna. "Injini si asili yenu. Bila injini, nitapitisha msaada."

"Shikamoo, Dokta," akasema Nyanjiga, msichana wa kisiwa kile. "Baba anavua kwa injini tangu sijazaliwa. Asili yetu ni ipi, kuzama?"

Mwalimu Mkuu akamkazia macho anyamaze. Dokta akasema watoto hawa wamepotoka, atawaletea kitu cha asili. Lo! Nilitamani ardhi ipasuke, immeze yeye.

Siku ya kurudi, mvua ilikuwa imekata barabara ya Nansio, ikabidi twende kwa maji. Nyanjiga akatuletea ule mtumbwi wao. Dokta akatazama maji yaliyotuama ndani.

"Hakuna chenye injini?"

"Kipo cha baba, Dokta. Ila si asili."

Alipanda hicho hicho cha injini mpaka Nansio. Mimi nilicheka hadi Mwanza, tena waziwazi.

Nilichojifunza: anayekuja kukufundisha asili yako, mkaribishe, mpe chai, halafu angalia mzigo wake umefungwa ndani ya nini. Msaada wa Dokta ulifika baadaye: ngoma, ndani ya kreti kubwa la mbao ngumu. Ngoma zikaingia stoo. Mbao zikatosha kabisa nyuma ya mashua, injini ikafungwa, na Nyanjiga na wenzake wakaanza kufika shule na viatu vikavu.