Sensa Iliyomponza Luseno

Luseno hakuwa mvivu. Naanza hapo makusudi, maana hapa Kariobangi penye gereji yangu wapo hadi leo wanaosema alifutwa kazi kwa kupenda kupumzika. Waongo wakubwa!

Alizaliwa Makongeni kwenye nyumba za reli, baba yake, mtu wa Kakamega, akiwa fundi wa mabehewa. Alianza kama utingo, akapakia mchanga kwa koleo miaka mingi, ndipo akapewa usukani wa lori la dizeli la Bwana Muthama. Alilitunza kuliko mwenyewe. Mshale wa joto ukiingia kwenye nyekundu, alisimama, akazima, akangoja injini ipoe. Dereva mwingine angekanyaga tu mpaka aiue.

Agosti ya 1999 mshale huo ukawa hautoki kwenye nyekundu. Luseno akawa anasimama kila mahali, mchanga unachelewa, na Muthama akamwonya kwamba akisimama njiani tena atafute kazi kwingine. Alikuja kwangu asubuhi na mapema, uso umemshuka.

"Fundi, nisaidie. Hii gari inachemka ama inanicheza tu?"

Injini ilikuwa baridi kabisa. Nikamwambia afungue swichi tu, asipige stata. Mshale ukaruka hadi nyekundu. Injini iliyolala usiku kucha itachemkaje? Nikachomoa waya kwenye sensa, kile kifaa kidogo kinachokazwa kwenye injini kupima joto la maji. Mshale ukaanguka chini. Basi waya ni mzima, saa ya dashibodi yenye huo mshale nayo nzima. Sensa ndiyo iliyokuwa ikiisingizia injini homa.

"Ambia mdosi wako gari haitoki mpaka tumalize hii sensa," nikasema.

Tukaenda kwenye simu ya barabarani. Wiki hiyo redio hazikuwa na neno jingine ila sensa, kwa kuwa serikali ilikuwa karibu kuhesabu watu, na wengi walikuwa wakifunga mizigo wakahesabiwe makwao. Luseno alipotamka tu neno hilo, nilimsikia Muthama akifoka mle ndani ya simu.

"Sensa? Unaacha mzigo wangu uende kuhesabiwa kwenu Kakamega?"

"Hapana, bosi. Ni sensa ya gari."

"Tangu lini magari yakahesabiwa? Unanifanya mjinga? Nenda, na ukae huko huko!"

Akakata. Tulipiga tena, hakushika.

Nikarudi kazini na hasira zangu. Nikapunguza maji ya rejeta, nikafungua sensa mbovu kwa spana, nikakaza mpya bila kuizungushia utepe wa kuzuia maji yasivuje, kwa sababu lazima iguse chuma cha injini ndipo umeme upite. Tukajaza maji, tukawasha. Mshale ukapanda polepole, ukatulia katikati. Luseno akacheka kama mtu aliyepona. Aliamini bosi akiona kwa macho yake, maneno yataisha.

Adhuhuri Muthama akafika, na dereva mwingine nyuma yake, Muasya. Nikamwekea kile kifaa kibovu kiganjani.

"Sensa ndiyo hii, mzee. Huyu hakuwa anaenda popote."

Akakigeuzageuza. Kisha akacheka, akacheka mpaka akashika mlango wa lori. "Kumbe! Na mimi nilidhani ya kuhesabu watu!"

Nikangoja aseme pole. Akafuta machozi ya kicheko, akamnyooshea Luseno mkono. "Leta ufunguo. Muasya nimeshamtoa kwenye kazi yake, siwezi kumrudisha."

Niliona giza kwa hasira. Asante ya punda ni mateke, naam, lakini punda angalau hakucheki akishakupiga! Nilimwambia Muthama maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Yeye alikuwa bado anacheka.

Luseno akatoa ufunguo. Kisha akapanda na Muasya ndani ya lori, akamwonyesha. "Gia ya pili hukataa asubuhi, usiilazimishe. Breki nazo, kwa mteremko, kanyaga mapema."

"Luseno!" nikapiga kelele. "Wamekunyang'anya ugali, na bado unawaonyesha vile unaliwa?"

"Gari haijanikosea, fundi," akasema.

Akachukua sweta yake nyuma ya kiti, akashuka, akaenda Makongeni kwa miguu.