Mgao wa Maji Niliouanzisha Mimi

Kila Januari, kabla jua halijatukausha hapa Kayole, baba huzunguka nyumba yetu akibadilisha washa, vile vipete vya mpira ndani ya mifereji, hata tone lisipotee. Mwaka huu hayupo. Tangu Agosti anaendesha lori Mombasa, na spana yake imelala juu ya kabati. Nikaishusha. Ilinukia grisi. Ilinukia baba.

Nikafunga koki kubwa ya ploti yetu ya wapangaji pale kwa mita, nikabadilisha washa ya jikoni, nikajipiga picha na kumtumia.

"Fundi wangu!" akajibu.

Siku mbili nilitembea kifua mbele. Siku hizo mbili ploti nzima haikuwa na maji.

"Mgao umeanza mapema," majirani wakasema, tukapanga foleni ya mitungi kwa muuza maji. Mwenye kelele kuliko wote nilikuwa mimi.

"Hawa watu wa maji hawana utu!" nilimwambia Mama Mutua, jirani yetu mwenye mitungi minne na mgongo mbovu.

"Waambie, mwanangu!"

Simu ya mama ikalia. Baba! Kwa hamu ya sauti yake nikamnyang'anya mama simu, nikaweka spika ili foleni yote imsikie.

"Fundi wangu, nasikia hamna maji. Kwani ulipomaliza hukufungua ile koki ya kwa mita?"

Foleni yote ikanigeukia. Mama Mutua akatua mtungi polepole.

"Haloo? Kijana, uko?"

Tangu Agosti natamani baba arudi. Wakati huo nilitamani afike kabla Mama Mutua hajanifikia.